Parkinson nyumbani: mwongozo kwa familia za Unguja na Pemba

Mwongozo huu ni kwa waliomo ndani: mke, mume, mtoto, mkwe, au yule mjukuu aliyekabidhiwa babu kwa kuwa ndiye asiye na ajira. Mgonjwa naye ausome, mwili ni wake. Mimi namuuguza mzee wangu, na humu nimeweka mambo ambayo daktari hana nafasi ya kuyasema foleni ikiwa ndefu, pamoja na yale anayoyasema nasi tukayasahau kabla ya kufika getini.

Parkinson ni maradhi ya ubongo. Ndani kabisa ya ubongo mna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo huuwezesha mwili kuanza mwendo na kuuendeleza bila mtu kuufikiria. Seli hizo hufa polepole, na mwendo unapoanza kuharibika huwa nyingi zimeshakwenda. Maradhi hayaambukizi. Wengi huanza kuugua baada ya miaka 60, wanaume zaidi kuliko wanawake, ingawa wapo wanaoanza kabla ya 50. Jina ni la James Parkinson, daktari wa London aliyeyaeleza maradhi haya mwaka 1817. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wakiishi nayo. Wapenzi wa ndondi wanamkumbuka Muhammad Ali: aliambiwa ana Parkinson mwaka 1984, akawasha mwenge wa Olimpiki Atlanta mwaka 1996 huku mkono ukimtetemeka, na alifariki 2016. Namtaja kwa sababu swali la kwanza la familia huwa ni "amebakiwa na muda gani?" Watu wengi huishi na maradhi haya kwa miaka mingi. Hayaponi, lakini dawa ipo, na dawa hiyo inataka saa. Karibu kila kitu hapa chini kinarudi kwenye saa hiyo.

Hatua ya 1: Tazama kabla ya kutoa jina

Mtetemeko ndio unaoonwa na kila mtu, na ndio unaopotosha. Mtetemeko wa Parkinson aghalabu huanza upande mmoja, tena mkono ukiwa umetulia mapajani. Mtu akiunyoosha mkono kushika kitu, hupungua. Anayetetemeka pale tu anapoinua kikombe huenda ana jambo jingine: mtetemeko wa kurithi, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, hata dawa za pumu. Na wapo wagonjwa wa Parkinson wasiotetemeka kabisa.

La kutafuta zaidi ni uzito wa mwendo. Akitembea, mkono mmoja hauyumbi. Mwandiko unaanza vizuri kisha unazidi kuwa mdogo kadiri mstari unavyoendelea. Kufunga vifungo vya kanzu kunamchukua muda hata wenziwe wanatangulia msikitini. Sauti imeshuka. Uso hauonyeshi furaha hata akiwa nayo, na watu hudhani amenuna. Bega limekaza, limesuguliwa mafuta ya karafuu wiki nenda wiki rudi, halilegei. Muulize pia kama bado anasikia harufu ya udi au ya asumini, kama anapata choo vizuri, na muulize mkewe kama usiku anapiga mateke na kelele akiwa ndotoni. Kupotea kwa harufu, choo kigumu na ndoto za namna hiyo vinaweza kutangulia miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka.

Usichanganye na kiharusi. Kiharusi huja ghafla: mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, ulimi mzito. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Parkinson hunyemelea.

Utaambiwa ni shetani, ni upepo, au kuna mtu kamfanyia. Sina ugomvi na dua, kisomo wala kombe. Havigongani na kidonge. Ugomvi wangu ni na anayesema "kwanza acha dawa za hospitali", na fedha za nauli ya rufaa kuishia kwake. Utafiti uliofanywa nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta kwamba wengi wa wenye Parkinson hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari kuwa wanaugua maradhi hayo. Sidhani kwamba visiwani tumewapita.

Hatua ya 2: Nenda hospitali na ushahidi

Hakuna kipimo cha damu cha kawaida kinachosema "hii ni Parkinson". Daktari huamua kwa kumsikiliza mgonjwa, kumwangalia anavyotembea na kushika, na baadaye kwa kuona kama dawa inamsaidia. Kwa hiyo unachokwenda nacho kina uzito. Andika kwenye karatasi: ilianza lini, upande upi, imeongezeka vipi. Mpige video kwa simu akiinuka kwenye kiti, akitembea na kugeuka, akigonganisha kidole gumba na cha shahada haraka haraka. Mwandikishe mistari michache. Halafu tia kwenye mfuko dawa zote anazotumia, hata za presha na za tumbo, na hata zile alizonunua mwenyewe dukani. Hili la mwisho wengi hulipuuza, na zipo dawa zinazoweza kuleta dalili zinazofanana kabisa na Parkinson kwa mtu asiyekuwa nayo. Mtu wa aina hiyo daktari akimwachisha dawa iliyosababisha, mara nyingi hupata nafuu.

Anzia kituo cha afya cha karibu ili upate barua ya rufaa. Kwa Pemba, rufaa itakupeleka Chake Chake, Wete au hospitali ya Abdulla Mzee kule Mkoani. Kwa Unguja, mwisho wa safari kwa kawaida ni Mnazi Mmoja. Omba kuonwa na daktari wa maradhi ya ndani, na uliza daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu anapatikana siku gani. Ikilazimu, kuna Muhimbili, Dar es Salaam.

Msafiri wa boti ana hatari yake. Mkondo wa Pemba ukichafuka watu hupeana vidonge vya kichefuchefu kama peremende. Mgonjwa wako asipewe chochote kabla hujasoma orodha iliyo katika hatua ya 3.

Kabla ya kutoka chumbani mwa daktari, hakikisha umeandika jina la dawa, nguvu ya kidonge, saa za kumeza, na la kufanya dozi ikipita. Muombe daktari aandike, wewe usikisie.

Hatua ya 3: Ipange siku kwa saa ya kidonge

Dawa kuu ni levodopa, ambayo huja pamoja na carbidopa (au benserazide) ndani ya kidonge kimoja. Majina ya dawa nayaandika yalivyo kwenye pakiti ili uweze kulinganisha. Levodopa ikifika ubongoni hugeuzwa kuwa dopamini. Carbidopa huizuia isigeuzwe mapema, ikiwa bado iko njiani mwilini. Kwenye pakiti utakuta namba mbili, kwa mfano 25/100 au 25/250, au zimegeuzwa zikawa 100/25 na 250/25. Soma namba zote mbili kila unaponunua. Kidonge chenye 250 kina levodopa mara mbili na nusu ya chenye 100, na muuza duka aliyekosa hiki akakupa kile "ni ile ile tu" anamtia mzee wako matatani.

Dozi hupangwa na daktari. Kazi ya nyumbani ni kuilinda saa. Akisema mara tatu kwa siku, uliza saa ngapi hasa, kwa sababu "asubuhi, mchana, jioni" kila nyumba ina yake. Tuseme ni saa 12 na nusu asubuhi, saa 6 na nusu mchana, na saa 12 na nusu jioni: basi iwe hivyo leo, kesho na Ijumaa, kuwe na harusi au msiba. Huku kwetu, karibu na ikweta, nyakati za sala hazisogei sana mwaka mzima, kwa hiyo wazee wasiopenda kelele za simu wanaweza kuifungamanisha dawa na adhana. Adhuhuri inaadhiniwa, kidonge kinamezwa. Sijaona kengele bora kuliko hiyo.

Kisha chakula. Levodopa na protini hugombania mlango mmoja wa kuingilia mwilini. Kidonge kikimezwa pamoja na samaki, nyama, mbaazi, maharage au maziwa, kinaweza kuchelewa au kufanya kazi nusu nusu. Kimezwe na maji, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Akiwa ameshakula, isubiriwe angalau saa moja. Wiki za mwanzo dawa huwatia wengine kichefuchefu, na hao wanaweza kumezea kipande cha mkate mkavu au biskuti, siyo chai ya maziwa. Usimnyime samaki, mwili wa mzee unahitaji protini. Ukiona mchana wake unaharibika kila akila vizuri, zungumza na daktari juu ya kuuhamishia mlo wa samaki usiku, mchana ale muhogo, ndizi, wali na mboga. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma navyo huizuia levodopa, kwa hiyo vipishane kwa saa mbili au zaidi.

Miaka ikienda, dawa huisha nguvu kabla ya dozi inayofuata. Mwili hukatika kama umeme: dakika hii anazungumza na kutembea, baadaye kidogo kakaa kiti kile kile, hawezi kuinuka. Wasiojua husema anajifanya. Au hutokea kinyume chake, dawa ikiwa juu kabisa, mwili unajinyonganyonga na kichwa kinacheza bila yeye kutaka. Familia huogopa kwamba maradhi yamezidi, kumbe mara nyingi ni dozi inayotaka kurekebishwa. Chukua daftari la skuli uchore safu tatu: saa, kidonge na mlo, na hali yake. Kwenye hali andika maneno mafupi tu, "kafunguka", "kafunga", "anajinyonga". Daftari la wiki moja litamsaidia daktari kuliko hadithi yako ya miezi mitatu.

Usiiache dawa ghafla. Kuikatisha siku moja kunaweza kuleta homa kali, mwili kukakamaa na akili kuvurugika, na mtu anaweza kufa. Kwa hiyo usingoje kidonge cha mwisho. Zikibaki za wiki mbili, anza kutafuta; Pemba anza mapema zaidi, maana huenda ukalazimika kumtuma mtu Unguja naye akangoja boti. Bei hutofautiana baina ya duka na duka, uliza zaidi ya moja.

Hizi ndizo dawa za kuogopa kwa mwenye Parkinson: metoclopramide na prochlorperazine, zinazotolewa kwa kutapika, haloperidol na chlorpromazine, zinazotolewa kwa mtu aliyechanganyikiwa, na cinnarizine, inayotolewa kwa kizunguzungu na kichefuchefu cha safari. Hizi huzuia kazi ile ile ya dopamini tunayojaribu kuirudisha. Promethazine nayo isitolewe bila kuuliza. Andika majina haya kwenye kadi, kadi ikae ndani ya pochi yake. Kuna pia trihexyphenidyl, ambayo wengine huiita benzhexol: hupunguza mtetemeko, lakini mzee inaweza kumchanganya akili, kumkausha kinywa na kumfunga mkojo. Kama ameandikiwa na umri umekwenda, muulize daktari kama bado anaihitaji.

Watu watakuletea habari za upupu. Habari hiyo ina ukweli: kunde za upupu zina levodopa ya asili, na wanasayansi wamezichunguza. Lakini huwezi kujua kijiko kimoja cha unga kina kiasi gani, na ukiuchanganya na vidonge umezidisha dozi bila kujua. Mimi siutii nyumbani mwangu.

Ramadhani inahitaji mazungumzo kabla ya mwezi kuandama. Baina ya daku na futari ni saa 13 na zaidi, na mtu wa vidonge vitatu au vinne vya mchana hawezi kuvibana vyote usiku. Qur'ani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa, na kwa maradhi yasiyotarajiwa kupona kuna fidia ya kumlisha maskini. Nenda kwa daktari, kisha kwa sheikh, na mgonjwa awepo. Wazee wetu wengi wataificha dawa na kufunga kimya kimya kwa haya. Akisikia ruhusa kutoka kwa sheikh anayemheshimu, hutulia. Watu wa nyumbani wasitoe fat'wa zao.

Hatua ya 4: Nyumba

Anza na sakafu. Mkeka usiobandikwa, busati lililokunjika pembeni na waya wa feni ni mitego. Makubadhi na kandambili zinazoburuta ziondoke, apate viatu vinavyoshika kisigino. Usiku kuwe na taa kutoka kitandani hadi chooni.

Choo cha kuchuchumaa ni tatizo kubwa kuliko linavyosemwa. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu cha kuwekwa juu yake, na boriti mbili zilizosimikwa ukutani za kujishikia. Muda wa kuoga akae juu ya kiti, na ndoo iwe juu ya stuli ili asiiname.

Miguu kuganda ni jambo la peke yake. Anatembea vizuri, akifika mlangoni, kwenye kizingiti au mahali pembamba, nyayo zinanata chini. Milango ya Mji Mkongwe yenye vizingiti virefu ni mtihani kamili. Usimvute mkono; ukimvuta, kiwiliwili kinatangulia na miguu inabaki, ataanguka. Mwambie asimame, avute pumzi, ahamishe uzito mguu huu kisha ule, halafu apige hatua ndefu kwa kuhesabu "moja, mbili". Weka mguu wako mbele yake auvuke, au chora mistari ya chaki au utepe wa rangi sakafuni mbele ya mlango. Macho yakipata mstari wa kuvuka, mguu mara nyingi huinuka. Kugeuka kuwe kwa mzunguko mpana, siyo papo kwa papo.

Kuinuka kitandani: ageuke ubavu, ashushe miguu, akae kidogo, ndipo asimame. Maradhi na dawa huweza kushusha presha mtu anapoinuka, na kuanguka kwa namna hiyo hutokea sana alfajiri. Kwa sababu hiyo hiyo, asali kwenye kiti imara asichoweza kukipindua, pembeni mwa safu. Sala ya kukaa kwa asiyeweza kusimama ina hadithi yake inayojulikana, na asione haya.

Nguo: kanzu yenye kifungo kimoja kikubwa, msuli ulioshonwa mpira kiunoni.

Hatua ya 5: Mwili na sauti

Mazoezi ni sehemu ya matibabu. Yafanywe saa dawa inapokuwa imeshika, kila siku, na yawe makubwa: hatua ndefu, mikono kurushwa, kuinuka na kukaa kwenye kiti mara kadhaa bila kushika. Mdundo husaidia miguu. Kama ni mtu wa dufu au wa maulidi ya homu, mwekee; atatikisika kwa mpango na mwili utafurahi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali akuonyeshe mwanzo, kisha muendelee wenyewe.

Sauti nayo inafanyiwa zoezi. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe anajisikia anazungumza kawaida. Usimwambie "sema tena" kutwa nzima. Mwambie "sema kama unayeita mtu ng'ambo ya barabara". Kusoma Qur'ani kwa sauti ya juu, ya kunyoosha, kila baada ya alfajiri, ni zoezi kamili. Nawajua maalim waliopata sauti ya kusikika tena darasani kwa njia hiyo, ingawa si kwa kila mtu na si kwa muda wote.

Hatua ya 6: Kula

Sinia ina baraka zake, lakini huyu atakuwa bado na tonge la tatu wenziwe wakinawa mikono. Ataacha kula kabla ya kushiba ili asiwaweke watu. Mtengee sahani yake, akae pamoja nao, na mmoja wenu abaki akila polepole hadi amalize. Kikombe kiwe na mshikio na kijazwe nusu. Kijiko kizungushiwe kitambaa kiwe kinene.

Akae wima wakati wa kula na nusu saa baadaye, atie kidogo kidogo, asizungumze na chakula kinywani. Pweza na nyama ngumu zikatwe ndogo sana au ziachwe. Akikohoa kila anywapo maji, au sauti ikawa kama ina majimaji baada ya kula, mwambie daktari. Chakula kinachopotea njia kikaingia mapafuni huleta homa ya mapafu, na hiyo ndiyo inayowaondoa wengi. Choo kigumu kitibiwe kwa maji ya kutosha, papai, mboga za majani na kutembea, na ikishindikana kwa dawa, kwa sababu tumbo lililofunga hukichelewesha hata kidonge.

Hatua ya 7: Yasiyoonekana

Huzuni na wasiwasi ni sehemu ya maradhi yenyewe, si udhaifu wa imani. Kuna dawa zake. Akianza kuona watu wasiokuwepo, au watoto wadogo pembeni mwa chumba, usikimbilie kusema ni majini. Maradhi na dawa zake vinaweza kuleta hali hiyo, na daktari anaweza kupunguza kitu. Lakini akivurugika ghafla ndani ya siku moja mbili, au mwendo ukaharibika mara moja, tafuta homa, maambukizi ya mkojo, kifua, au dawa mpya aliyopewa. Parkinson haiharakishi namna hiyo.

Wewe unayeuguza lala. Omba siku moja ya wiki isiyo yako. Usipoiomba hutapewa, kila mtu atasema "Bi fulani anaweza".

Hatua ya 8: Kikundi cha shehia

Msianze na katiba, mhuri na mwenyekiti. Vikundi vingi hufa vikigombania vyeo kabla havijamfaa mtu. Anzeni na familia tatu au nne. Mtawapata vipi? Muulize sheha, muulize mjitolea wa afya wa shehia, muulize imamu. Kila mmoja anamjua "yule mzee anayetetemeka". Nendeni kwake kwa adabu, kwanza mzungumze na wa nyumbani. Wanawake wagonjwa ndio wanaojificha zaidi kwa sababu hawana baraza la kukosekana. Hao hupatikana kupitia vikundi vya upatu na majirani.

Mkutane saa 4 asubuhi hivi, dawa zikiwa zimeshika, mahali pasipo na ngazi: darasa la madrasa, ukumbi wa skuli, au uani kwa mtu. Muda usizidi saa moja na nusu, na usigonge saa ya kidonge. Nusu ya kwanza mazoezi na kusoma kwa sauti, nusu ya pili habari: dawa imefika duka gani, kwa bei gani, nani anavuka kwenda Unguja na anaweza kuchukua ya wengine. Kununua pamoja kwa cheti cha daktari ni sawa. Kugawiana vidonge vya dozi ya mtu mwingine si sawa, hata kwa huruma.

Zipo haki za kufuatilia kwa pamoja. Pensheni Jamii kwa waliofika miaka 70 ipo Zanzibar tangu Aprili 2016, na wapo wazee wa vijijini ambao karatasi zao zimekwama kwa kuwa hawawezi kwenda kuzifuata. Kijana wa kikundi awafuatilie na barua ya sheha mkononi. JUWAZA, jumuiya ya wastaafu na wazee, na Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar ni milango ya kubisha kwa ushauri. Tarehe 11 Aprili, siku aliyozaliwa James Parkinson, ni Siku ya Parkinson Duniani. Itumieni kuomba dakika chache msikitini au redioni.

Mtaa nao ufundishwe. Waambieni watoto wa madrasa wasimuigize. Muuza duka asimharakishe anapotafuta chenji. Barazani, kahawa amiminiwe nusu kikombe bila kusemwa, na asitolewe kwenye bao au karata kwa sababu mkono una pole. Mkono wenye pole unaweza kuwa na akili kali, kama wanavyojua wanaofungwa naye.

Kazi ya mwisho ya kikundi ni ratiba ya kulazwa. Mgonjwa akilazwa kwa jambo jingine, malaria au mvunjiko, saa zake hupotea kwanza: wodi ina saa zake za kugawa dawa, na huenda levodopa haipo. Kila familia iwe na bahasha yenye vidonge vya siku tatu, karatasi ya saa zake, ile kadi ya dawa za kuogopa, na namba za simu za watu wawili wa kikundi wanaokaa karibu na hospitali. Bahasha ikabidhiwe muuguzi wa zamu wakati wa kupokelewa, aulizwe nani atampa mgonjwa kidonge cha adhuhuri, na kama hakuna jibu, mmoja wa wale wawili apigiwe simu aje.